Kiti cha Matonya

Matonya wa Kizota alikuwa mnene, tena mnene wa kupendeza, na ole wake aliyemcheka mbele ya mkewe. "Mwili huu nimeulea mimi kwa ugali na maziwa," Zipora alikuwa akisema. Baiskeli ya boma, lakini, haikuwa na habari na mapishi ya Zipora.

Mdachi wa boma alitaka tarishi wa kupeleka barua Mpwapwa kwa baiskeli. Matonya aliitaka kazi hiyo kwa udi na uvumba, maana asiyekuwa na kazi ya boma alikamatwa upagazi, akapotea na mizigo ya watu miezi na miezi. Majaribio yalikuwa Ijumaa. Jumatatu alipewa baiskeli ajizoeze, akajaribu kupanda: magoti yakamgonga tumbo, kiti chembamba kikamfinya, puu, chini! Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Matonya akaapa kutokula mpaka akonde.

"Thubutu!" Zipora akamjia juu. Akamburura yeye na hiyo baiskeli hadi kwa Mustapha, mhunzi Mrangi aliyetoka Kondoa.

"Nani kashusha kiti hivi?" Mustapha akauliza.

"Mimi, fundi. Nilitaka miguu iguse chini, kama nikiwa juu ya punda."

"Ndugu yangu, punda umemkanyaga pedeli lini?"

Akachekecha majivu juu ya ubao, akamwambia akae. Matonya alipoinuka, paliachwa vishimo viwili palipobonyea mifupa ya makalio. Mustapha akapima kwa kamba kutoka kimoja hadi kingine, akafua kiti kipana cha chuma kwa kipimo hicho, akakivika ngozi mbichi ya ng'ombe. Siku tatu za jua la Dodoma zikaikaza ndi! Kisha akakifunga juu kwenye baiskeli, akainua na usukani, tumbo nalo lipate pa kupumulia.

Ijumaa upepo ulitimua vumbi hadi watu wakafumba macho. Matonya akapanda. Lo! Magoti hayakugusa kitu. Akakata upepo, akalizunguka boma mara tatu bila kuyumba, huku akicheka peke yake kwa raha. Mdachi akamwandika utarishi palepale.

Matonya alishuka machozi yakimlengalenga, akamwendea mkewe. "Mama Loisi, siendi upagazi!"

Zipora naye alikuwa akilia na kucheka. Akamshika mkono.

"Basi twende ukale, Baba Loisi. Ukikonda, kiti hakitakufaa."