Volti za Alhamisi

Alhamisi baada ya alasiri Bimdogo alifukiza ubani ukumbini, akaweka kikombe cha kahawa pembeni ya chetezo, na marehemu mumewe akaja. Mzee Bwanaheri alikuwa fundi umeme hapo Kaole mpaka alipofariki, na tangu hapo hajakosa Alhamisi hata moja.

"Shikamoo baba," alisema binti yao Raya, anayesomea umeme chuoni.

"Marahaba mwanangu. Friji bado?"

Bado. Bimdogo aliwauzia watoto wa madrasa barafu za ukwaju, na friji lake lilinguruma kutwa bila kugandisha kitu. Biashara ilikuwa inamfia mikononi, na ilimuuma.

Raya alitaka kupiga hesabu ya laini yao: volti zinazotoka kwenye transfoma barabarani, na zinazofika ukutani kwa mama yake. Tabu ni kwamba ncha zote mbili hupimwa kwa wakati mmoja, na yeye ni mtu mmoja. Baba yake hakuwa na tabu hiyo. Alikunywa kahawa mkekani huku amesimama kwenye transfoma.

"Kule mia mbili thelathini," alisema. "Hapa mia na sitini." Akataja na mkondo wa kila upande.

Raya akakokotoa. Kwa waya ule, zilipaswa kufika mia mbili ishirini na ushee. Tena mkondo ulioingia kwenye laini ulikuwa mkubwa kuliko uliofika kwao, basi njiani palikuwa na anayechota.

"Hoteli hiyo hapo njiani," alisema mzee. "Wamejiungia chumba cha baridi kwenye laini yetu kwa wizi. Nimepita humo nikija, nikajikunyata."

Ofisi ya umeme ilipokea hesabu, ikasifu mwandiko, ikajibu kwamba kwenye ramani laini ile ina ncha mbili tu na hoteli haimo.

Alhamisi iliyofuata mzee alikuja na chupa ya chai. Ndani mlikuwa na volti sitini hivi, kazichota hotelini. Alizimimina nyuma ya friji taratibu, zisimwagike sakafuni. Ijumaa asubuhi barafu zilikuwa ngumu kama jiwe, watoto wakazigombania, na Bimdogo akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Si tumfukizie na kesho, aje kila siku?" aliuliza Raya.

"Muache baba'ko apumzike," alisema Bimdogo. "Kafanya kazi maisha yake yote."

Jumamosi friji lilinguruma tena. Bimdogo aliuza ukwaju wa vuguvugu kwa vikombe, huku akiimba. Kule hotelini taa za bustani ziliwaka mchana kweupe.