Kigego Wangu

Mie ndiye niliyelijua jino lile kwanza, kwa kidole. Tunu, mjukuu wangu, alikuwa anaharisha na anatafuna kila kitu, mpaka ukili wa mkeka niliokuwa nausuka. Nikamlaza mapajani, nikapitisha kidole kwenye ufizi wa chini, laini. Nikapandisha juu. Kitu kikanichoma.

Kwetu sie watu wa pwani, mtoto anayeanza na meno ya juu ni kigego, na kigego, walisema wazee, kila akiota jino hufa mtu wa ukoo. Zamani vigego hawakulelewa. Sisemi walifanywa nini, maana aliyekuwa akiifanya kazi hiyo ni shangazi yangu, na nilikula naye sahani moja.

Mwajabu, mke wa mwanangu, alinitazama usoni akajua. "Mama, ni la juu?"

"Ni la mdomoni," nikamjibu. "Nyamaza."

Tukamficha. Tunu akicheka mbele za watu namgeuzia kifuani. Na mtoto mwenyewe mcheshi, hata akiona kuku anacheka. Nilikuwa namwambia, mke mwenzangu, funga kinywa, utatuponza. Anacheka zaidi. Nilikuwa naogopa na huku nacheka naye, na sikujua mtu anaweza kufanya yote mawili kwa pumzi moja.

Aliyeivujisha siri ni Anjelina, jirani yetu wa bara, mke wa karani. Mwanamke mwema, hajui mila zetu. Tulikuwa bombani tumepanga madebe, akamchukua Tunu, akamtekenya, akasema kwa sauti, "Hongera Bibi Zuena, mawili ya juu tayari." Foleni nzima ikanyamaza. Anjelina akadhani hawakusikia, akarudia.

Kinywa jumba la maneno, na Temeke majumba ni mengi. Kabla wiki haijaisha shemeji yangu Mfaume akaja kutoka Mbagala. Ni kaka wa marehemu mume wangu na ndiye mkubwa wa ukoo. Mguu wake umevimba tangu vita vya Hitla, lakini siku hiyo alituambia barazani kwamba umevimbishwa na Tunu.

"Shemeji, ukoo umekaa," akasema. "Mtoto atupwe jaani. Hatumuui, siku hizi kuna serikali. Ataokotwa na mtu baki, achukuliwe mbali, atoke katika jina letu. Nimekuja na mtu mwenyewe, wa Rufiji."

Kweli, kulikuwa na mwanamume amesimama uani, hajawahi kumwona Tunu hata siku moja. Mwanangu Marijani, kuli wa bandarini, mtu wa kubeba magunia mawili kwa mpigo, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Nilimwonea aibu. Mwajabu alishaanza kulia.

Nikasema, "Haya, twendeni jaani."

Mwajabu akaniangalia kana kwamba nimemchinja. Ningefungua mdomo ningelia, na sikutaka Mfaume aone chozi langu.

Jaa letu lilikuwa nyuma ya nyumba, majivu na maganda ya mihogo. Mtaa wote ulikuja. Mfaume akamlaza mtoto juu ya kipande cha mkeka, akasimama, akasema mbele ya watu, "Mwana huyu tumemtupa. Si wetu." Tunu akamchekea, na meno yake yote mawili. Mtu wa Rufiji alikuwa bado anakunja kanzu asiichafue, mie nikaingia majivuni na miguu yangu mitupu, nikamwokota.

"Shemeji, wewe hufai," Mfaume akasema. "Anayeokota awe mtu baki."

"Kwani mie nani wenu?"

Akahamishia uzito kwenye mguu wake mzima.

"Mlipogawana minazi ya mume wangu ulisemaje, Mfaume? Ulisema mbele ya ndugu zako wote kwamba Zuena si wa ukoo huu, alikuwa mke tu. Nikatoka Mbagala na kibweta changu kichwani. Leo nimekuwa wa ukoo tangu lini? Mtoto mmemtupa nyie. Mtu baki kamwokota. Kesi imekwisha, kapoze mguu."

Kuna mtu akacheka kule nyuma, kisha wakacheka wengi. Nikamgeukia Mwajabu nikamwambia, "Wewe, nyamaza kulia. Mnyonyeshe mtoto wangu."

Mfaume hakuondoka hivihivi. Alinisogelea, akasema taratibu, mie na yeye tu, "Sawa. Lakini umeshazeeka, Zuena. Utakufa kesho au keshokutwa. Siku hiyo watu watajua nani kakula."

Hilo lilinipata penye mfupa. Lilinipata kwa sababu ni kweli. Nikifa kwa homa, kwa kuteleza bombani, kwa uzee wenyewe, watasema ni meno ya Tunu, na mie sitakuwepo kuwajibu.

Sasa Tunu anafunga kanga mwenyewe na ananijibu jeuri kama mke mwenza wa kweli. Ananipenda, nami nampenda mpaka kifua kinauma. Kifua kinauma na kwa mengine pia. Tangu masika nina kikohozi. Kikinijia naenda nyuma ya choo, najifunga kanga mdomoni, nakohoa huko mpaka kiishe, narudi natembea wima na namsalimu kila mtu. Mtaani wanasema Bi Zuena ana afya ya punda. Sina afya, nina kazi.

Juzi Marijani kaniambia, mama, pumzika, umri umekwenda. Nikamwambia apumzike yeye, aliyekuwa anatazama vidole vya miguu. Mie mpaka Tunu aolewe, azae, awe na mji wake na ulimi wa kumjibu mtu yeyote. Israili akija kabla ya hapo akae barazani angoje, mie nina mtoto mdogo.