Jina Asilolitaja Bi Mwanajuma

Kaka yangu Sadala alikuwa mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, na mimi ndiye niliyemshonea mavazi yake, kwa hiyo asije mtu kunifundisha habari zake. Nilimwambia hivyo hivyo yule kijana Abdulkarimu alipofika kwangu Kibiti kutoka jumba la nyaraka la Dar es Salaam, bahasha nene kaibana kwapani. Sadala alipofariki, makaratasi yake yote yalichukuliwa huko, yakapangwa kwenye makasha na kupewa namba. Mpaka cheti cha dawa ya kikohozi wamekipa namba! Nikamuuliza, "Kikohozi nacho ni sanaa?" Akacheka, akasema, "Mama, sisi hatutupi kitu."

Mimi nilikuwa nimewaomba kitu kimoja tu: kopi ya karatasi yoyote ya Sadala inayomtaja Bashiru.

Habari yenyewe ni hii. Nyamisati wanajenga mnara mdogo wa kuandika majina ya watu wa pande hizo waliokufa kwenye Vita vya Maji Maji. Kamati inataka kila jina liwe na ushahidi, na orodha inafungwa Ijumaa. Shoga yangu Mwajabu, anayeumwa moyo na siku hizi hatoki nje, babu yake alikwenda vitani mwaka 1905 asirudi. Ushahidi hana. Alichonacho ni hilo jina, Bashiru, na watu walilisikia mara ya kwanza kinywani mwa kaka yangu, kwenye mchezo wake wa kuigiza wa mwaka 1969. Mwajabu alinishika mkono akaniambia, "Mwanasiti, nisife babu yangu hajaandikwa." Nami nikaropoka kwamba karatasi nitaleta. Ndivyo nilivyo, mdomo wangu hunitangulia siku zote.

Utauliza, ukoo mzima ulikosaje mtu wa kumjua? Babu huyo alitoka milimani Umatumbi, akaja kuoa deltani peke yake, hana ndugu huku. Aliondoka mkewe, Bi Mwanajuma, ana mimba changa. Baada ya vita ikaja njaa, watu wakachimba mizizi ya ming'oko porini mpaka ikaisha, wakatawanyika. Waliobaki waliogopa kuulizwa na Wajerumani nani ni ndugu wa nani, na mtoto alipozaliwa, ndiye mama yake Mwajabu, akaitwa binti wa mjomba wake, Khamisi. Na Bi Mwanajuma mwenyewe hakulitaja jina la mumewe. Wanawake wa enzi zile hawakuwataja waume zao, ilikuwa mwiko na utovu wa adabu. Alimwita "yule bwana", basi. Mjane, mzee, meno yameisha, bado "yule bwana".

Ndipo Sadala akaenda kumhoji ili atunge mchezo wake. Mchezo ulipoonyeshwa Kibiti, bibi alipelekwa kwa lori kwenda kuutazama. Alirudi Nyamisati, na tangu siku hiyo mpaka alipokufa miaka miwili baadaye, alikuwa akiketi peke yake na kuita, "Bashiru. We Bashiru." Mwajabu alimsikia kwa masikio yake. Ukoo ukaamua kwamba bibi alimnong'oneza Sadala jina, na mwiko wenyewe ukavunjikia hapo.

Basi nikavaa miwani. Mwandiko wa Sadala niliujua mara moja, herufi zimelala kama zimechoka.

"Nyamisati, tarehe 3 Machi. Bi Mwanajuma amenihadithia kutwa nzima. Mumewe alichapwa viboko kwenye shamba la pamba, mara mbili. Asubuhi ya kuondoka alijifunga majani ya mtama kichwani, kama wapiganaji wote. Neno lake la mwisho kwa mkewe: apunguze chumvi kwenye mboga, jana ilizidi. Nimemuuliza jina lake mara tatu. Hataji. Mara ya tatu amenigeuzia mgongo."

Nikafungua ukurasa wa pili.

"Mchezo hauendi na mtu asiye na jina. Nimemwita Bashiru. Nimelichukua kwa yule mtu wa pantoni pale Ndundu, aliyenifokea juzi."

Ebo! Mtu wa pantoni! Miaka zaidi ya hamsini watu wanasoma hitima, wanapika pilau, wanamwombea babu yao kwa jina la mtu wa pantoni! Kitukuu wao kapewa jina hilo. Nilimchukia kaka yangu palepale, Mungu anisamehe, maiti kaburini nikamwita mjinga kwa sauti.

Nikamgeukia Abdulkarimu. "Hii nani mwingine kaisoma?"

"Mimi tu, mama. Na yeyote atakayeomba kuisoma."

"Haiwezi kupotea?"

"Hiyo ni kopi, mama. Yenyewe ipo Dar." Akainamisha kichwa. "Hata ungekuwa mama yangu mzazi nisingeipoteza."

Nilimfokea vya kutosha, maskini. Kisha akanipakia kwenye gari la ofisi, tukashika njia ya Nyamisati. Sikuendelea kusoma. Nilizikunja karatasi nikazitia mkobani, na njia nzima nikawa nauzoeza uongo wangu: makasha ni mengi, wametafuta, hawakuona. Nilimshonea kaka yangu maisha yake yote nyuma ya pazia, siku moja ningeshindwa kuigiza mbele?

Nilishindwa. Mwajabu alikuwa kibarazani kwenye kitanda cha kamba, amekonda, macho ndiyo yamebaki makubwa. Abdulkarimu akasalimu, akaenda kukaa na wanaume nje. Nikaanza uongo wangu. Mwajabu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umeletwa na gari la watu wa Dar kuja kuniambia hakuna kitu?"

Nikauvuta mkoba karibu yangu.

"Mwanasiti. Tumejuana tangu hatuna meno ya mbele. Nini kimo humo mkobani?"

Nikamwambia. Sikumpamba maneno, nilimwambia la pantoni na yote. Alijiinua kitandani kwa kiwiko, sijui nguvu alizitoa wapi.

"Muongo kaka yako! Bibi yangu nilimsikia mimi! Mwanamke asiyethubutu kumtaja mumewe miaka sitini, atamwita kwa jina la mtu wa pantoni? Ana wazimu? Unamtukana bibi yangu kwenye nyumba yake?"

"Mwajabu, moyo wako..."

"Moyo wangu niachie mwenyewe!" Machozi yalikuwa yanamtiririka, na mimi yangu yakaanza. "Soma. Soma zote, mwanzo mpaka mwisho. Usinichagulie."

Nikazitoa. Nikasoma habari za pamba na viboko, na za majani ya mtama. Nikasoma na la chumvi. Nikasoma la pantoni, naye akafumba macho. Palikuwa na ukurasa mmoja zaidi, tarehe yake nyingine kabisa, na wala sikuwa nimeuona. Nikausoma ninavyousoma, sijui unakokwenda.

"Kibiti, baada ya onyesho. Bi Mwanajuma amekuja nyuma ya jukwaa, amenishika mkono wa kanzu. Nilijua nimekosa, nikamwomba radhi, nikamwambia nitalibadilisha jina. Akasema: 'Usilibadilishe, mjukuu wangu. Hilo si lake. Lake sitalitamka mpaka nizikwe, ndiyo heshima yangu kwake. Lakini hili lako halina mwiko. Miaka yote hii nilikuwa sina la kumwitia.' Ameniuliza kama anaweza kulichukua. Nimemwambia ni lake."

Kuku waliingia barazani, hakuna aliyewafukuza. Nilikuwa nalia wazi wazi, pua na vyote, na ile hasira niliyokuwa nayo na Sadala sikuiona tena ilikokwenda.

"Kumbe alikuwa anamwita," Mwajabu akasema polepole. "Sisi tulidhani akili zinamruka. Nilikuwa namwambia, bibi nyamaza, watu watasikia." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Nilikuwa namnyamazisha, Mwanasiti."

"Hukujua, shoga yangu."

"Sikujua." Akavuta pumzi, kisha akanionyesha kwa kidole fomu ya kamati iliyokuwa chini ya mto wake. "Kalamu unayo?"

Nikaitoa. Nikamuuliza, "Niandike Bashiru?"

"Weee! Bashiru ni la bibi. Alipewa yeye, amwitie mumewe. Si la kuchongwa barabarani likasomwa na kila mpita njia."

"Kamati wanataka jina, Mwajabu. Bila jina wataitupa hii fomu."

"Andika: Mume wa Mwanajuma. Na kwa ushahidi, bandika hizo karatasi za kaka yako, zote, na namba zake."

"Wale wanaume watakataa. Watasema kila mtu kaandikwa kwa jina la baba yake, huyu kwa nini aandikwe kwa mkewe."

"Baba yake simjui," Mwajabu akasema. "Ninayemjua ni aliyemngoja. Andika."

Nikaandika.