Sinia Lisilokwisha

Jumapili, tarehe 7 Mei 1967. Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, ikapiga mabati ya jirani mpaka saa mbili, kisha jua likatoka ghafla na uchochoro wetu wa Mkanyageni ukaanza kufuka mvuke kama sufuria iliyofunuliwa.

Nilikuwa macho tangu zamani. Nilisali, nikasoma Yasini, kisha nikatoa kitabu cha kisomo chini ya mto nikakipitia tena kuanzia ukurasa wa kwanza, midomo ikienda bila sauti ili kaka Taib asinisikie. Moyo ulinidunda kama wa bi harusi. Siku ile nilikuwa na mtihani, na mtihani wenyewe ulikuwa wa kwenda kula.

Mambo yalikuwa hivi. Tangu kufiwa na mume wangu nakaa na kaka Taib, fundi seremala, na mkewe, wifi Tumu. Kuanzia Januari nilikuwa nikienda darasa la jioni la watu wazima kule Makadara, kwa Mwalimu Nicodemus. Kurani sote tulihitimu utotoni, na hata barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu naisoma bila taabu. Lakini binti yangu Mwanaesha, aliyeolewa Lamu, amesoma skuli, na yeye huandika kwa herufi za Kizungu. Barua zake zote nilikuwa nikisomewa na mwenye duka la pembeni, kwani nyumbani kwetu hakuna azijuaye herufi hizo. Mwaka uliopita aliniandikia kuwa mimba yake imeharibika. Habari hiyo niliipata nimesimama dukani, kati ya mwanamke aliyetaka sukari ya ratili na mwengine aliyeshika chupa ya mafuta ya taa, nikisomewa kwa sauti ile ile ya kutaja bei. Siku ile nilimwomba Mwenyezi Mungu jambo moja tu: barua nyingine ya mwanangu ikija, niisome mwenyewe, mlango umefungwa.

Kaka hakulipenda darasa. Alisema yeye hakatai elimu, lakini mjane wa miaka arubaini na mitatu kutoka kila jioni na mkoba begani ni kuwapa watu la kuzungumza. Kitabu cha kwanza tulikimaliza mwisho wa Aprili, na Jumatatu, tarehe nane, ndiyo siku ya kuandikisha majina ya kitabu cha pili. Kaka alisema basi, inatosha. Sikubishana naye. Nilirefusha sijda zangu.

Faraja ilikuja kwa njia ya mabenchi. Kaka alikuwa amemtengenezea mabenchi mapya Bwana Kanji, Mhindi mwenye hoteli ya chakula nyuma ya Mwembe Tayari, na Bwana Kanji akapendezwa nayo hata akamwalika kaka na watu wa nyumbani kwake waje kula Jumapili mchana. Wifi Tumu, ambaye hunipenda kama ndugu yake wa tumbo moja, na utani anaupenda zaidi, alisikia mwaliko huo akasema palepale kwamba hoteli zote zina orodha ya vyakula ukutani. Basi na iwe hivi: Mwanakuu, ndiye mimi, atusomee. Akisoma, kesho anaandikishwa. Akishindwa, kitabu kinarudi kwa mwenyewe. Kaka alicheka, akakubali upesi kama mtu aliyepewa kitu cha bure.

Kwa siku tatu sikulala usingizi wa maana kwa furaha na hofu. Mwalimu Nicodemus aliniandikia majina ya vyakula kwenye karatasi: wali, dengu, bamia, biringani, achari. Niliyasoma nikikuna nazi, nikayasoma nikifua. Wifi alinikuta nikiiambia ndoo "biringani", akaniuliza kama ndoo imejibu.

Baada ya adhuhuri tukatoka, mimi na wifi na mabuibui yetu, kaka mbele na kanzu aliyoinua kidogo kwa ajili ya madimbwi. Njiani alitueleza habari za hoteli. Pale hapaingii nyama, wala samaki, wala yai. Hata maziwa na samli hakuna, kwa kuwa miaka kadhaa nyuma Bwana Kanji aliugua homa ya mapafu akakaribia kufa, na mama yake akaweka nadhiri kwamba mwanawe akipona, kitu chochote kitokacho kwa mnyama hakitapita jikoni mwake. Kijana alipona, na bibi yule mpaka leo hupikia mafuta ya nazi na tui. Kaka alisema uzuri wa hoteli hiyo ni kuwa hutaulizana na mtu nani kachinja. Ubaya wake ni kuwa utatoka na njaa, kwani majani ni chakula cha mbuzi.

Mimi niliposikia ile nadhiri, nilimpenda yule bibi kabla sijaonja chake.

Bwana Kanji alitupokea mlangoni kwa mikono miwili, akatuweka pembeni kwenye benchi jipya nyuma ya pazia la mbao, kazi ya kaka pia. Mimi na wifi tuliegemea ukuta, kaka akakaa kutukabili. Alipokwisha kukaa alitazama juu ya vichwa vyetu, akasema ule ubao ulioning'inizwa nyuma yetu ni wa mvule safi, lakini aliyeunga pembe zake anastahili kunyang'anywa randa. Sikugeuka. Macho yangu yalikuwa yakizunguka ukuta wa mbele kutafuta orodha. Niliona saa. Niliona kalenda yenye picha ya mlima. Niliona shada la maua ya manjano. Orodha sikuiona.

Mhudumu alikuja, mtu mzima wa Kigiriama mwenye masharubu ya mvi, jina lake Mung'aro. Nikamuuliza orodha ya vyakula iko wapi.

"Hapa hakuna orodha, mama," akasema. "Kilichopikwa ni kimoja, na wote mnakula sawa."

Nilihisi kama nimekanyaga ngazi isiyokuwapo. Wifi Tumu alidai kwamba mtihani usiofanywa hauna aliyeanguka. Kaka akanawa mikono polepole, akaikung'uta, kisha akasema.

"Sharti lilikuwa kusoma. Amesoma nini?"

Nikainamisha kichwa. Nikasema moyoni, Yarabi, Wewe ndiwe uliyenileta mpaka hapa, na Wewe unajua njia ya kunitoa. Kisha masinia yakaja.

Sijui nieleze vipi. Kila mmoja aliletewa sinia lake la chuma linalong'aa kama kioo, na ndani yake vibakuli vidogo sita, kila kimoja kitupu. Mung'aro alipita na ndoo ndogo za shaba mkononi, akijaza kimoja baada ya kimoja. Dengu nyororo yenye ndimu na sukari kidogo. Biringani zilizochomwa zikapondwa na vitunguu. Bamia kavu zilizokaangwa kwa mafuta ya nazi hata zikalia mdomoni. Mbaazi za tui, mbaazi zetu sisi, lakini zimetiwa bizari na majani ya mchuzi hata nikafikiri ndiyo kwanza nazijua. Viazi vya haradali. Achari ya maembe iliyonitoa machozi. Kisha puri za moto zilizofura kama mashavu ya mtoto, na mkate wa dengu uliopikwa kwa mvuke, wa manjano, laini kama sifongo. Huzuni ilikuwa bado kifuani, lakini ulimi haukuwa na habari nayo. Wifi alifumba macho. Kaka alionja dengu, akaonja tena, akasahau habari za mbuzi.

Marehemu baba alitufunza kwamba hujui baraka imekaa katika punje ipi, kwa hiyo punje ya mwisho haiachwi. Kaka Taib ameushika mwiko huo maisha yake yote. Alipomaliza alipangusa kila kibakuli kwa kipande cha puri, akalamba vidole, na sinia likabaki safi kama lililotoka kuoshwa. Akasema alhamdulillahi.

Mung'aro akaja na ndoo zake, akajaza vibakuli vyote sita.

Kaka alishangaa, lakini ni mgeni, na chakula ni kitamu. Akala. Akapangusa. Akasema alhamdulillahi, safari hii kwa sauti ndogo. Mung'aro akajaza tena, na puri nne juu yake.

Sisi wawili hatukupatwa na jambo hilo. Mimi nilikuwa nikila kwa kudonoa, kwa sababu ya mawazo, na wifi kwa sababu ya kuzungumza, basi vibakuli vyetu vilikuwa bado nusu, na Mung'aro alitupita. Kila mara alirudi kwa kaka.

Mara ya tatu jasho lilimtoka kaka chini ya kofia. Alimwambia Mung'aro kwamba ameshiba, kwa kweli ameshiba. Mung'aro akatabasamu, akasema wageni wote wenye adabu husema hivyo, akampakulia. Kuacha chakula siniani ni israfu, na tena ni kumvunjia heshima Bwana Kanji. Kwa hiyo kaka alikula, na kila alipokula, sinia likawa tupu, na kila lilipokuwa tupu, likajazwa. Benchi likalia. Bwana Kanji akapita akamwambia asiwe na wasiwasi, fundi aliyelitengeneza anaaminika.

Wifi aliniinamia akanong'ona kwamba mumewe leo amepata mke wa pili, na jina lake Mung'aro. Nilicheka mpaka nikajifunika buibui usoni. Lakini nilipofunua nilimwona kaka, nikamhurumia. Alikuwa anapumua kwa mdomo. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa, na alasiri inakuja, na mtu katika hali ile hata kurukuu hawezi. Alikuwa ameinua macho juu ya kichwa changu, akiutazama ule ubao wa mvule kama mgonjwa anavyotazama dari.

Nikafuata macho yake, nikageuka.

Ubao ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na juu yake maandishi meupe ya namna tatu. Ya kwanza ya Kihindi. Ya pili sikuyaelewa, ni Kiingereza. Ya tatu yalianza kwa neno nililolijua. Damu ilinipanda kichwani. Niliyashika kwa silabi, kidole hewani, mdomo ukienda kama asubuhi ile, ila safari hii sauti ilitoka.

"M-ge-ni a-li-ye-shi-ba," nikasema, nikameza mate. "Mgeni aliyeshiba afunike sinia kwa mkono. Asiyefunika, tutazidi kumpakulia."

Watu wa meza za karibu wakageuka. Wifi Tumu akanishika goti. Nikarudia kutoka mwanzo, pasi na kusita, kwa sauti niliyodhani sina.

"Kaka," nikasema, "funika."

Mung'aro alikuwa keshainamisha upawa wa dengu. Kaka aliinua mkono wa kushoto, akakumbuka kuwa ni wa kushoto, akaushusha haraka, akaupeleka wa kulia na mchuzi wake wote. Dengu ya moto ikamwangukia juu ya vidole. Hakuuondoa. Aliukandamiza mkono ule juu ya sinia kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe, na Mung'aro akainamisha kichwa, akachukua ndoo zake akaenda kwa wengine.

Bwana Kanji alicheka mpaka akavua miwani. Alisema ule ubao aliuongezea maneno ya Kiswahili mwaka juzi, kwa kuwa wageni wapya walikuwa wakila mpaka wanabebwa, na tangu hapo hajawahi kumsikia mtu akiusoma kwa sauti nzuri namna ile. Mama yake, bibi mdogo aliyevaa nyeupe, alitoka jikoni kutazama kulikoni. Alipoelezwa kwa lugha yao, alikuja akanishika shavu kwa mkono unaonukia bizari. Sikujua maneno yake, lakini nilijua ni dua, nikaitikia amina.

Kaka alikuwa bado amelifunika sinia kwa mkono. Alinitazama, kisha akautazama ubao.

"Muda wote huu nilikuwa nimeukabili," akasema polepole. "Nimeona mbao, nimeona pembe mbaya. Maneno sikuyaona."

"Mwanakuu amesoma nini?" wifi akamuuliza kwa upole uliojaa pilipili. "Mume wangu aliuliza hivyo kabla ya kula. Nauliza tu."

Watu wakacheka, na kaka naye akacheka, ingawa tumbo lilimwuma. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nikishukuru, machozi na achari vikichanganyika, na machoni mwangu niliona bahasha ya kutoka Lamu, mlango umefungwa, na mimi peke yangu na mwanangu.

Kaka aliomba maji akaosha vidole vilivyokuwa vyekundu. Kisha alishika ukingo wa benchi alilolitengeneza mwenyewe, akainuka kwa shida, akaweka kofia sawa. Wifi alimwambia aseme kwa sauti, maana Mung'aro yuko mbali. Mung'aro akaweka ndoo chini. Bwana Kanji akavaa miwani yake, na bibi akasimama kando yake.

"Nyote mliomo humu ni mashahidi wangu mbele ya Mwenyezi Mungu," kaka akasema. "Kesho, tukishasali alasiri, mimi Taib bin Aidarus nitamchukulia Mwanakuu mkoba wake mpaka Makadara. Ataandikishwa kitabu cha pili, na cha tatu kikiwapo, mpaka aseme mwenyewe basi. Na jina langu, inshallah, litaandikwa chini ya lake, kwenye kitabu cha kwanza."