Sauti Iliyochelewa Kuitikia

Mimi kazi yangu ni kusindikiza wafu kwa maneno. Sijivuni, kwetu bonde la Malalwe mtu huirithi kazi hiyo kama anavyorithi goti bovu. Marehemu hukeshwa siku nne, kisha asubuhi jeneza hutolewa uwanjani na wasemaji wawili husimama, mmoja kichwani kwa niaba ya ukoo wa baba, mwingine miguuni kwa niaba ya ukoo wa mama. Tunasimulia maisha yake kwa zamu, mazuri na ya ovyo, na watu wanaitikia, "Ndivyo." Ukisema kweli yote, roho inakwenda zake. Ukificha kitu, inabaki. Cheka ukitaka, lakini wewe hujawahi kulala nyumba ambayo marehemu amegoma kuondoka.

Julai ile alikufa binamu yangu Eleuterio Curiñir, mtoto wa shangazi yangu. Bonde zima halikuwahi kupata msemaji kama yeye. Siku ya tatu ya matanga mjane wake, Uberlinda, alinivuta jikoni, akafunga mlango kwa mgongo wake.

"Shemeji, huyu mtu hajaondoka."

"Ataondokaje, na hatujamsindikiza?"

"Nisikilize kwanza. Namtilia chai ya majani ya yerba kwenye kibuyu chake, namwekea pale kwenye kiti chake. Nikirudi, kibuyu kimekauka na mrija una joto."

"Paka huyo."

"Paka wa nani anakunywa kwa mrija?" Hakucheka, na mimi pia nikashindwa kucheka. "Halafu anasafisha koo. Mara tatu, kama alivyokuwa akifanya kabla ya kusimama barazani. Usiku na mchana. Ana neno anataka kulisema. Shemeji, wanangu tukishazika wanarudi Santiago, nabaki peke yangu humu ndani. Naogopa. Mtoe nyumbani kwangu, nakuomba."

Nikamwambia nitamtoa. Ulimi hauna mfupa.

Maana neno lenyewe nilikuwa nalijua. Miaka arobaini na mbili nyuma, maksai wawili wa baba yake Uberlinda walipotea. Lawama ikamwangukia Abelino, kaka yake Eleuterio, kwa sababu tu alionekana njia ya mlimani alfajiri ile. Abelino ndiye aliyekuwa amemposa Uberlinda. Baraza likaketi, kila mtu akasema kwa zamu yake, mpaka ikafika kwa Eleuterio. Wote walikuwa wakimngoja yeye, kwa kuwa alijua kusema na alikuwa ndugu. Alisema saa nzima. Alitaja mababu, mito, heshima, undugu, watu walilia. Hakumshitaki kaka yake, wala hakumtetea. Alipokaa chini, Abelino alikuwa amekwisha. Alivuka milima kwenda Argentina, akafia huko. Mwaka uliofuata Uberlinda aliolewa na Eleuterio.

Maksai tuliwaiba sisi, mimi na Eleuterio. Naweza kulisema sasa kwa kuwa nimeshalisema. Siku ile jikoni tulikuwa wawili tu tunaolijua, na mmoja wetu alikuwa ndani ya jeneza.

Msemaji wa ukoo wa baba alikuwa Lisandro, kijana wa mjini Temuco mwenye viatu safi, anayefundisha watu wa maofisini kuzungumza mbele za watu. Watoto wa marehemu ndio waliomtaka. Asubuhi ya mazishi alinikuta nyuma ya zizi, akanipa somo bila kuombwa.

"Mzee Ceferino, siri ni macho. Unamchagua mtu mmoja nyuma kabisa, unazungumza naye. Mikono usiifiche mfukoni."

"Na marehemu unamwangalia saa ngapi?"

"Marehemu hasikilizi, mzee."

"Haya, mwalimu."

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Ndugu wanaomba ile habari ya Abelino tuipitie juu juu. Wageni ni wengi."

Nilikubali upesi kuliko alivyotarajia. Nilifurahi, nisiwe mwongo. Nilijiambia roho nyingine huondoka kwa kuchoka tu.

Tulimtoa Eleuterio uwanjani saa nne. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini mwa farasi, misonobari ya kampuni ya mbao upande wa pili wa bonde haionekani kabisa. Watu kama mia mbili walitengeneza duara, wanawake mbele na mashuka yao ya sufu, wapanda farasi nyuma. Uberlinda alikaa kwenye kigoda pembeni ya jeneza, macho yake kwangu. Lisandro akaanza, na kusema kweli alianza vizuri. Alitaja baba wa Eleuterio, babu yake, kijito alichozaliwa kando yake.

"Ndivyo," watu wakaitikia.

Na baada yao, kwa kuchelewa kidogo, mtu mmoja akasema, "Ndivyo."

Sikujali. Pana mzee kiziwi katika kila mazishi. Zamu yangu ikafika, nikaeleza jinsi Eleuterio alivyokuwa mtoto mwizi wa asali, jinsi nyuki walivyomfundisha adabu. Watu wakacheka, wakaitikia. Ile sauti ikaja tena nyuma yao, peke yake, nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Mkwaruzo ule niliujua tangu ubarobaro wetu. Nikaangalia midomo ya watu wa mbele, mmoja mmoja. Yote ilikuwa imefungwa.

Tukaendelea. Lisandro alisema marehemu alikuwa mkulima hodari, sauti ikaitikia. Mimi nikasema alikuwa mlevi kila Jumapili kwa miaka kumi, akaacha mwenyewe, sauti ikaitikia. Kila nilipoisikia ilikuwa karibu zaidi. Wengine nao walianza kuisikia. Mwanamke mmoja alimfunika mtoto wake kichwa kwa shuka. Lisandro alikuwa anamwangalia mtu wake wa nyuma kabisa, mikono inapaa kama anafukuza kuku.

"Alimpenda kaka yake Abelino," akasema, "na alihuzunika sana Abelino alipoamua kwenda Argentina kutafuta maisha."

Watu waliitikia, lakini kwa unyonge, kwa kuwa wazee waliijua habari yenyewe. Nikaingoja ile sauti. Haikuja. Badala yake, mtu akasafisha koo, mara tatu, na farasi wote wakarudi nyuma hatua moja kwa pamoja. Lisandro akafungua mdomo aendelee, maneno yakamkataa. Alisimama pale mdomo wazi, mikono juu, kijana wa watu, machozi yanamtoka bila yeye kujua. Uberlinda hakumtazama hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Shemeji," akasema. "Umeniahidi."

Nikajikaza. Na hapa naomba usinione mwema, maana hata wakati ule nilijaribu kwanza kupita mlango wa nyuma.

"Abelino hakuamua kuondoka," nikasema. "Alifukuzwa kwa wizi asioufanya. Maksai wale aliwaiba Eleuterio."

Hakuna aliyeitikia, walio hai wala marehemu. Baba yake Uberlinda alikufa akiamini vingine. Sasa binti yake alikuwa ameshika ukingo wa jeneza kwa mikono miwili. Na mimi nikasikia koo likisafishwa nyuma ya shingo yangu, karibu sana, mpaka ukosi wa koti ukasogea kwa pumzi. Ilikuwa na harufu ya yerba. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Nikajua ya tatu ikimalizika atasema yeye, mbele ya watu wote, kwa sauti yake, na itakavyokuwa baada ya hapo sijui.

"Hakuwa peke yake," nikasema. Nilisikia sauti yangu imekuwa nyembamba kama ya mtoto. "Mimi ndiye niliyefungua zizi, yeye aliwaongoza. Tuliwachinja kule juu ya kijito, tukauza nyama ng'ambo ya bonde. Siku ya baraza, yeye alitaka kusema. Aliniambia usiku ule kwamba atasema. Mimi ndiye niliyemwambia, Eleuterio, wewe unajua kusema, basi sema sana na usiseme kitu. Ndicho alichofanya. Kaka yake alimwangalia saa nzima, akingoja jina lake."

Safari hii ile sauti haikuchelewa. Ilitangulia, peke yake, taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo mlangoni.

"Ndivyo."

Watu hawakuitikia baada yake. Kisha farasi mmoja akainama, akaanza kula majani, na wengine wakamfuata, na baridi ile shingoni kwangu ikawa baridi ya Julai tu. Vijana wanne waliinua jeneza. Mmoja wao alisema kwa mshangao kwamba ni jepesi, wenzake wakamnyamazisha.

Tulimzika bila maneno mengine. Kwetu, baada ya kaburi kila mgeni hupewa nyama na mkate na watu wa nyumba ya msiba, na hakuna anayerudishwa bila kula, hata adui. Nilikaa kwenye gogo. Sahani zilipita mbele yangu, zikapita tena. Watoto wa Eleuterio walikuwa wakigawa wenyewe, na kila walipofika kwangu walinipita, wakampa mtu wa upande wa pili. Lisandro alikuja, akasimama kidogo mbele yangu, mikono mfukoni. Kisha akaenda zake. Miaka arobaini na moja nimekula kwenye meza ya mwanamke yule, nikimwita shemeji, nikimsifia supu yake.

Uwanja ulipobaki na watu wachache, alikuja mwenyewe. Alikuwa na sahani iliyojaa. Aliniwekea magotini, akakaa kwenye gogo upande wa pili, karibu.

"Nilimpenda Abelino," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Nimezaa watoto watano na yule mwingine, nikijilazimisha. Nikijiona mimi ndiye mbaya, kwamba nimepewa mume mwema na moyo hautaki." Hakulia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehesabu kuku jioni. "Kula."

"Uberlinda..."

"Kula, shemeji. Nimetoka jikoni sasa hivi. Kibuyu kimejaa mpaka juu, kimepoa. Yule ameondoka, umenitimizia." Akanyoosha shuka lake mabegani, akaniangalia usoni, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku nzima. "Wewe ndiye uliyebaki."

Nikala.