Beberu wa Akika

Maimouna alimkuta beberu anaogeshwa. Wanawake wawili walikuwa wamemwinamia nyuma ya jiko, wakimsugua sabuni hadi ndevuni, naye ametulia tuli kama mzee aliyezoea kuhudumiwa. Maimouna alishuka kwenye pikipiki, akashusha pumzi. Alikuwa amewahi.

Tangu alipopigiwa simu huko Nairobi, akaambiwa kwamba mke wa mdogo wake Aboubacar amejifungua binti na akika yake itachinjwa siku ya saba, hakuwa ametulia. Aliuliza ni mbuzi gani. Akajibiwa kuwa ni yule wa marehemu Papa.

Ugonjwa wa sotoka ya mbuzi ulipopita Kalemie, mji wao wa kando ya ziwa, ulifagia mazizi mengi, lakini beberu wa baba yao, mzee Twahiri, hakukohoa hata mara moja, wala mbuzi aliowazaa. Maimouna alichukua damu yake, akaisoma maabara miaka nenda miaka rudi, na katika vinasaba vyake akaona kitu ambacho hakukiona kwa mbuzi mwingine yeyote aliyempima. Utafiti wake wote ulisimama juu ya mnyama huyu. Kisha ziwa likapanda, likameza mtaa wao wa chini. Familia ikahama kwa pupa, na uzao wote wa beberu ukauzwa, ukaliwa. Akabaki yeye peke yake. Wengi walimtaka, mzee akakataa hadi kufa kwake. Maimouna hakuona ajabu. Baba alikuwa akiilinda kazi ya binti yake, na wazo hilo lilimfariji hata msibani.

Alimfuata mama yake, Mama Mwanne, jikoni, akamkuta anachambua mchele.

"Mama, nimekuja kumuombea huyu mbuzi. Nitaleta mwengine munono. Huyu, Papa alinichungia mimi, kwa kazi yangu."

"Alikuchungia, ni kweli," Mama Mwanne alisema. "Lakini hapana kwa ile kazi yako ya labo."

"Basi kwa nini?"

"Wakati ulienda ku masomo, huyu alikuwa kangali kadogo. Papa yako akaweka nadhiri: huyu njo atakuwa akika ya mutoto wa kwanza wa Maimouna. Tukangoja. Ukapata diplome, tukangoja. Mbuzi akazeeka." Aliokota jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Sikulaumu, mwanangu. Lakini sitaki afe bure. Mutoto wa Aboubacar naye ni damu ya Papa yako. Nilimuuliza shehe, akakubali."

Maimouna aliinama, akaanza kuchambua mchele pamoja naye. Alimjua mbuzi yule hadi ndani ya chembe zake, na hakujua alikuwa akimngoja nani. Alikumbuka simu za baba yake: kila mara, baada ya salamu, mzee alisema, "Mbuzi wako ni muzima," kisha akangoja. Naye Maimouna alikuwa akimjibu kwa kumuuliza uzito wa mbuzi.

Hakuomba tena. Shehe alipofika, Maimouna alitoka uani, akasimama karibu wakati beberu analazwa kuelekea kibla. Aboubacar alichinja, akachuna, akawa anakata kwenye maungio kwa uangalifu, maana mifupa ya akika haivunjwi. Machozi yalimtoka Maimouna, hakuyafuta. Kisha Aboubacar akaziweka korodani kando, pamoja na vitu vya kufukiwa.

"Unipe hizo," Maimouna alisema.

Shehe aligeukia ukuta. Mke wa Aboubacar alijiziba mdomo kwa kitenge.

"Yaya, za nini?" Aboubacar alimuuliza dada yake kwa sauti ya chini, ameona haya. "Kitu cha akika hakiuzwi."

"Siuzi. Mbegu yake ingali hai. Ikipata baridi bila kuganda, itafika labo kesho. Anaweza kuzaa bado."

Aboubacar alimtazama shehe. Shehe alikohoa kidogo. "Kama ni za kufukia tu," alisema, "mimi sioni kizuizi."

Mama Mwanne aliinuka, akachukua bakuli safi, akaziokota mwenyewe, akalifunika.

"Barafu iko kwa wauza samaki, bandarini. Nitaenda mimi." Akasita, jicho lake kwenye bakuli. "Na hao watoto watazaliwa, utaniletea niwaone?"

Maimouna alijua watazaliwa mbali, ndani ya mazizi yenye ulinzi, na hakuna daktari wa mifugo atakayewaruhusu kuvuka mpaka.

"Nitakuletea, Mama."

"Hata kamoja tu," alisema Mama Mwanne, akajitanda kitenge chake, akaenda kutafuta barafu.