Sahani Yenye Tundu

Mimi si mtu wa kusifusifu nyumba za watu. Nimezaliwa Taita, nimeolewa na fundi wa reli hapa Changamwe, na nyumba nilizoingia hazina idadi. Nyingi nilitoka nikiwa nimeona kitanda, mtungi na kalenda ya mwaka jana. Lakini nyumba ya Kanze, jirani tunayegawana naye ukuta mmoja, ilinifunga mdomo, na wanaonijua watakwambia hilo si jambo dogo.

Ilikuwa nyumba ya fito na udongo kama yangu. Ila Kanze aliupaka chokaa ukuta wa ukumbini, akapigilia vigingi kutoka mlangoni hadi dirishani, na kwenye kila kigingi akatundika kitu ambacho mwenyewe wa kwanza alikwisha kukichoka. Vita vilikuwa vimeisha. Kambi za askari zilifungwa, Wazungu walirudi kwao, na vyombo vyao viliishia barazani kwa Mzee Mbwana, muuza vyombo vikuukuu karibu na stesheni. Kanze alikuwa hapiti pale bila kusimama. Alileta saa ya ukutani iliyopoteza mishale, birika la shaba lisilo na kifuniko, kopo la biskuti lenye picha ya mbwa aliyevaa kofia, na sahani za kauri za kila namna, nyingi zikiwa zimemeguka ukingo.

Mtu mwingine angevirundika tu. Kanze alikuwa na jicho. Sinia la shaba alilisugua kwa majivu na ndimu, kisha akalihamisha huku na huku hadi mwanga wa dirishani ukaligonga na kurukia sahani za upande wa pili. Chupa za soda za kijani, zile zenye gololi shingoni, alizipanga dirishani, na asubuhi sakafu yake ilikuwa ya kijani. Nilikuwa nakwenda kuomba chumvi ambayo sikuihitaji, ili nikae nitazame. Mumewe Ngowa, kuli wa bandarini, mpole hadi anakera, alikuwa akiinama kila apitapo chini ya sinia.

Mvua za masika zikaangusha kibanda cha mamake Ngowa kule Ribe. Bi Nyamvula alikuwa mjane, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Kumwacha kule peke yake kulikuwa sawa na kumzika. Ngowa akaenda kumchukua aje kukaa nao moja kwa moja.

Alifika na kifurushi cha leso, na ndani ya kifurushi mlikuwa na bakuli la bati, jeupe, lenye ukingo wa buluu uliochakaa kwa midomo na miaka. Nilimwona Kanze akiliangalia. Nikamkanyaga mguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkaza mwanangu. Hamjambo nyote?"

Akaingia, akaanza kuutembelea ule ukuta taratibu, mikono nyuma. Kwa mbwa mwenye kofia alicheka hadi akakohoa. Kanze alimfuata nyuma, shingo ndefu kwa fahari. Kisha Bi Nyamvula akasimama mbele ya sahani iliyokuwa nzuri kuliko zote, ya maua ya samawati, ambayo Kanze alikuwa ameipata wiki ile ile. Katikati yake palikuwa na tundu.

"Hiyo, mama, walioitengeneza walikuwa na akili," Kanze akasema. "Wameitoboa kabisa, mtu asihangaike pa kuitundika."

Bi Nyamvula akatoka nje bila kugeuka, akaenda kuketi kwenye baraza yangu. Tukamfuata sote.

"Mkaza mwanangu," akasema, "nani kakuuzia kaburi?"

Ndipo akatueleza. Kwao, kwa desturi ya wazee ambayo vijana hawa wa mjini hawakuikuta, mtu akifa, chombo alicholia hutobolewa na kuwekwa juu ya kaburi lake. Hutobolewa ili aliye hai asikitamani, na mwenyewe ajue ni chake.

"Sasa mnataka nile humo ndani, na mwenye sahani ananitazama? Nitalala kwa Mama Dishon, na kesho narudi Ribe."

Mama Dishon ni mimi. Nilisema karibu, ningesema nini? Huyu mama alikuwa hakosi kanisani Jumapili hata moja, lakini kuna mambo ambayo mchungaji hakuyafikia.

Ngowa, yule mpole, akasema, "Kanze, teremsha vyote. Hatujui kipi kingine kimetoka wapi. Mama harudi Ribe kufa kwa ajili ya vyombo."

Nilihisi uchungu kana kwamba ukuta ni wangu. Kanze hakulia. Alisema, "Nipe kesho. Nitairudisha sahani kwa mwenyewe. Nikishindwa, nitateremsha kila kitu kwa mikono yangu."

"Na mimi nakwenda," akasema Bi Nyamvula. "Nataka kuona kwa macho yangu."

Basi asubuhi tukashika njia hadi kwa Mzee Mbwana, nami nikiwa nyuma, kwa sababu jambo kama hilo hulikosi kwa sababu ya kufua. Mbwana alipoonyeshwa tundu na kuambiwa maana yake, alishika kichwa.

"Wallahi, mama zangu, sikujua! Niliuziwa na watu waliokuwa wakiokota vyuma kule palipokuwa na kambi, njia ya Miritini. Walisema imefukuliwa na trekta."

Tukaenda. Ilikuwa ardhi nyekundu, tambarare, iliyoparazwa hadi ikang'aa, na alama za magurudumu zimekaukia juu yake. Bi Nyamvula aliizunguka akitafuta jiwe, mti, kigango cha mbao kilichochongwa mfano wa mtu, chochote ambacho watu huweka ili wasimsahau mtu wao. Hapakuwa na kitu. Aliinama, akachota udongo, akauacha umwagike. Sikuwahi kumwona mtu amekasirika kimya namna ile.

"Hana pa kurudi," akasema.

Kanze alikuwa ameikumbatia sahani, uso umemwanguka. Alijua maana yake: ameshindwa, na ukuta umekwisha.

"Nipe," Bi Nyamvula akasema. Akaipokea kwa mara ya kwanza, akaifuta kwa pindo la leso yake, pole pole, kama anayemfuta mtoto uso. "Haya, twendeni nayo."

"Wapi, mama?"

"Nyumbani. Wamekwisha kumfukuza kwake, na sisi tumfukuze tena? Mtundike pale anapoweza kuona mlango."

Njiani alisema Baba Yetu kwa sauti. Tulipofika akawamwagia wafu maji kidogo kizingitini, ili kila upande upate chake. Mimi nilipiga ishara ya msalaba.

Bi Nyamvula akakaa, na ukuta ukabaki. Mwezi haukwisha, akawa yeye ndiye mwenye ukuta. "Birika hilo limekaa kama mtu aliyenuniwa," alikuwa akisema, naye Kanze akilisogeza, na wallahi, kama asemavyo Mbwana, likipendeza zaidi. Kila asubuhi aliiamkia ile sahani, kisha akanywa uji wake katika bakuli la ukingo wa buluu, asilompa mtu kuliosha.

Mvua ziliporudi, kifua nacho kikarudi. Siku moja nilimkuta ameketi ukumbini, bakuli mapajani, msumari na nyundo mkekani.

"Kanze, toboa," akasema. "Siku yangu ikifika usilipeleke kaburini. Trekta zitafika hata Ribe. Nitundike hapa, karibu na yule mgeni, nionekane."

Nilisema moyoni, leo Kanze amepata. Alilitamani bakuli lile tangu siku ya kwanza, na katika nyumba ile hakijawahi kukataliwa chombo. Alilichukua, akaligeuza, akauweka msumari katikati. Nyundo ikapanda. Ikakaa hewani. Kisha akaitupa chini, machozi yakamtoka kwa hasira.

"Silitaki!" akasema. "Silitaki, mama! Nikilitoboa, kesho utanywea nini uji?"

"Mtoto huyu hana adabu," Bi Nyamvula akaniambia mimi, lakini alikuwa ameushika mkono wa Kanze na hakuuachia.

Jioni Ngowa alichonga kigingi chenye panda, akakipigilia karibu na sahani ya samawati. Bakuli likakaa humo, zima, bila tundu. Mashikizo yake si mazuri. Linakwaruza ukutani kila linapoondolewa.

Nami namshukuru Mungu kwa mkwaruzo huo. Ninausikia upande wangu kila alfajiri, na nausubiri, na naiogopa asubuhi ambayo sitausikia. Leo umechelewa. Nilikaa kitandani nimeshika shuka. Kisha ukutani kra, na sauti ya Bi Nyamvula ikilalamika kwamba uji una madonge, nami nikainuka kuwasha moto.